Mtoto Aliyekabidhiwa: Historia ya Ulinzi wa Watoto katika Taasisi za Pwani ya Tanga

Mzazi wa leo anayemwandikisha mtoto wake shule ya bweni Muheza, anayempeleka madrasa Ngamiani jijini Tanga, au anayemruhusu kwenda kambi ya michezo Pangani, anafanya jambo ambalo watu wa Mwambao wamelifanya kwa vizazi vingi. Anamkabidhi mtoto kwa watu wasio ndugu zake, akitumaini kwamba atarudi salama. Nyuma ya tumaini hilo siku hizi kuna sheria, kanuni, maofisa na namba ya simu ya kupiga mtoto anapodhurika. Vitu hivyo havikuja vyote kwa pamoja, wala haviko kwa sababu watu wa zamani hawakuwapenda watoto wao. Kila kimoja kilitokana na hali iliyodhihirisha kwamba wema wa mlezi peke yake hautoshi kumlinda mtoto. Ili tuelewe hali hizo, yatupasa tuanze kabla taasisi zenyewe hazijafika.

Katika karne ya 19, mtoto wa mji wa Pwani alipitia mikono mingi kabla hajawa mtu mzima. Alipelekwa chuoni kujifunza Kurani. Wavulana walitiwa jandoni chini ya ngariba na kungwi, wasichana walifundwa na somo zao, na wapo waliopelekwa kwa mafundi kujifunza ushoni au useremala. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Bagamoyo ambaye maelezo yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapwa Ujerumani mwaka 1903, ametuachia picha pana ya maisha hayo. Katika mpango huo hapakuwa na kanuni iliyoandikwa, lakini palikuwa na macho mengi. Mwalimu wa chuo alikaa mtaa mmoja na wazazi, aliswali nao msikiti mmoja, na mwenendo wake ulijulikana. Mtoto aliyeumizwa alikuwa na baba, mjomba, shangazi na bibi, na yeyote kati yao aliweza kwenda kuuliza kulikoni.

Tusiupambe mpango huo kupita kiasi. Fimbo ilikuwa jambo la kawaida, na walikuwapo watoto wasiokuwa na mjomba wa kwenda kuuliza. Mtoto wa mtumwa hakuwa na ukoo uliotambuliwa mbele ya bwana wake. Bara kidogo tu kutoka Pwani, katika Bonde, Uzigua na Usambara, familia iliyobanwa na njaa au deni iliweza kumweka mtoto rehani kwa tajiri, kwa makubaliano kwamba atakombolewa hali ikitengemaa. Kadiri biashara ya misafara ilivyokua na bei ya watu ilivyopanda Pangani na Sadani, ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa mwenye kushika rehani kumuuza mtoto badala ya kusubiri kulipwa. Njaa kubwa ya katikati ya miaka ya 1880 iliwapeleka Pwani watu wengi kwa njia hiyo. Ulinzi wa kale ulitegemea ukoo, na ukoo ulipovunjika, mtoto alibaki bila mtu. Hali hiyo ndiyo waliyoikuta watu wa misheni.

Mapadri wa Kikatoliki kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja mwishoni mwa mwaka 1860, na kazi yao ikachukuliwa muda mfupi baadaye na Shirika la Roho Mtakatifu. Mapadri hao waliwanunua watoto katika soko la watumwa la Unguja ili kuwatoa utumwani, na mwaka 1868 walifungua kituo kikubwa Bagamoyo kwa ajili yao. Waanglikana wa misheni ya UMCA nao walihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer, baada ya jaribio lao la kwanza katika nchi ya Malawi ya leo kuangushwa na vita na maradhi. Hawakukaa sana kabla Sultani Majid bin Said hajamkabidhi Tozer wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Baada ya mkataba wa Juni 1873, ambao kwa huo Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa, manowari za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi baharini, na watoto waliookolewa wakagawiwa misheni. Wavulana wa UMCA walisoma Kiungani, na wasichana wakakaa Mbweni.

Kwa nini misheni ziliwataka watoto? Wanahistoria wametoa majibu mawili. La kwanza ni huruma: watu hao waliona biashara ya kikatili, wakafanya walichoweza. La pili ni mahitaji ya taasisi yenyewe. Kanisa lilihitaji waumini, walimu na mikono ya kulima, na mtoto asiye na ukoo hakuwa na mtu wa kumvuta arudi kwenye dini na desturi za kwao. Ushahidi wa Bagamoyo unaunga mkono majibu yote mawili. Watoto walilishwa, walitibiwa na walisomeshwa; pia walilima mashamba ya misheni, na walipokua waliozwa kwa mpango wa mapadri, wakapewa kibanda na kipande cha ardhi katika kijiji cha Kikristo. Wapo waliotoroka, na kumbukumbu za misheni zenyewe zinawataja. Mimi naona huruma ilikuwa ya kweli. Lakini taasisi ileile ilikuwa mzazi, mwajiri, mwalimu na hakimu wa mtoto mmoja, na hapakuwa na mtu wa nje mwenye haki ya kuingia na kumuuliza mtoto huyo anaishije.

Mwaka 1887 mmisionari A. C. Madan alichapisha London kitabu cha masimulizi ya wavulana wa Kiungani, kinachoeleza maisha yao ya utotoni, jinsi walivyokamatwa, walivyouzwa na walivyofika Pwani. Ni hazina kubwa, maana ni nadra kuisikia sauti ya mtoto wa karne ile. Hata hivyo, mambo yanayosimuliwa humo kwa sehemu kubwa ni yale waliyotendewa kabla ya kuingia misheni. Kuhusu maisha ya ndani ya misheni, watoto hawakuulizwa kwa namna hiyo.

Swali la maisha ya ndani ya misheni liliulizwa kwanza kwingine, na lilichochewa na kashfa. Blantyre, katika kituo cha Kanisa la Scotland, viboko vikali na hata kuuawa kwa mtu mmoja mwaka 1879 vilifichuliwa na msafiri Mwingereza katika kijitabu alichokichapisha mwaka uliofuata. Kanisa likalazimika kupeleka tume, na viongozi wa kituo wakaondolewa. Haukupita muda mrefu, viboko na vifungo vilivyotolewa na msimamizi wa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa, vikachunguzwa na maofisa wa Uingereza, naye msimamizi akaondoka. Wengi wa walioumizwa katika vituo hivyo walikuwa watu wazima, lakini jambo lililothibitika liliwahusu watoto zaidi: nia njema ya kuanzisha taasisi haizuii mtu mkatili kuitumia, na ukatili huo hukoma pale mtu wa nje anapoona na kusema.

Magila, mbali kidogo na Muheza, mambo yalikuwa na sura nyingine. UMCA ilifika huko mwaka 1868, na kazi ikashika nguvu baada ya J. P. Farler kufika mwaka 1875. Wanafunzi wengi wa Magila hawakutoka kwenye majahazi. Walikuwa watoto wa Wabondei wenye baba, mama, wajomba na mashamba katika vijiji vya jirani. Mtoto aliyeona mambo yamemzidi aliweza kwenda kwao kwa miguu, na mzazi asiyeridhika aliweza kuacha kumleta. Misheni ilibidi ijadiliane na wazee kuhusu kazi za nyumbani, jando na ndoa. Wamisionari walilalamika kwamba wazazi wanavuruga masomo, na kwa upande wao walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini ukilinganisha Magila na Bagamoyo utaona kwamba uwezo wa mzazi kuingilia kati ulikuwa kinga ambayo watoto wa majahazi hawakuwa nayo. Ndiyo maana watu wanaoshughulika na ustawi wa watoto leo husisitiza kwamba mtoto asitengwe na familia yake ila pale isipowezekana kabisa.

Wajerumani walipoichukua Pwani, baada ya kuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim mwaka 1889, mlezi wa aina mpya akaingia, yaani serikali. Shule ya Tanga ilifunguliwa mwaka 1892, ikawa ya kwanza ya serikali katika koloni lote. Haikufundisha dini, ili Waislamu wakubali kupeleka watoto wao. Hata hivyo wazazi wengi walisita, na majumbe wakashurutishwa kuleta wanafunzi. Wahitimu wake wakawa makarani, walimu na maakida. Katika shule ya namna hiyo mtoto alikuwa na wazazi, lakini wazazi hao hawakuwa na sauti, kwa kuwa aliyemchukua mtoto ndiye aliyekuwa pia polisi na mahakama.

Hata serikali hiyo ilijikuta ikiwekewa mipaka, na sababu yake haikuwa Tanga. Machi 1896 Bunge la Ujerumani lilisikia kwa kina habari za watu walionyongwa Kilimanjaro kwa amri ya Carl Peters, zilizokuja baada ya kashfa nyingine za Kamerun. Mwezi uliofuata Kansela alitoa amri ya kuratibu adhabu ya viboko katika koloni: wanawake wasichapwe, na mvulana wa chini ya miaka 16 asipigwe kiboko bali fimbo nyepesi. Ilikuwa hatua ndogo sana, na kutangazwa kwake hakuna maana kwamba ilifuatwa kila bomani. Lakini ni miongoni mwa mara za kwanza katika sehemu hizi kwa umri wa mtoto kuandikwa katika sheria kama sababu ya kumtendea tofauti. Amri nyingine ilisema kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1922 na Waingereza, waliotawala baada ya Wajerumani.

Wakati huo taasisi iliyogusa maisha ya watoto wengi wa Tanga haikuwa tena misheni wala shule. Ilikuwa shamba la mkonge. Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwa miche hiyo, na kwa msaada wa reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huohuo, likazaliwa zao lililoifanya Tanga ijulikane duniani. Vibarua walitoka mbali, wengine na familia zao, na kambi za mashamba zikajaa watoto.

Tuitazame kazi yenyewe. Mkataji hukata majani yenye mwiba mkali nchani, huyafunga mafungu ya majani 30, kisha huyabeba hadi kando ya njia. Utomvu wa jani huwasha ngozi. Kibarua alikuwa na kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi 30, na kila siku aliyoimaliza kazi aliyopangiwa iliwekwa alama. Mshahara ulikuja nafasi zote zilipojaa. Kipande hakikujali ni mikono mingapi imefanya kazi, mradi mafungu yametimia. Kwa hiyo mpango wenyewe wa malipo ulimshawishi baba aliyechoka kumchukua mwanawe shambani, na mtoto huyo hakuonekana katika daftari lolote la mwajiri. Baadhi ya mashamba ya Mwambao na ya milimani yaliajiri watoto waziwazi pia, kwa ujira mdogo, hasa kwa kupalilia na kuchuma.

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na Uingereza ilipaswa kutoa taarifa Geneva kila mwaka. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeweka tangu mwaka 1919 umri wa chini wa miaka 14 kwa kazi za viwandani. Idara ya Kazi ikaanzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde Browne, na wakaguzi wake wakaanza kutembelea mashamba na kuandika walichokiona. Mwaka 1931, mdororo wa uchumi wa dunia ulipobana matumizi, idara hiyo ikafungwa, na haikurudi mpaka mwaka 1938. Miaka hiyo saba inafundisha mengi. Mtoto wa kambi ya mkonge hakuwa na hatari pungufu mwaka 1932 kuliko mwaka 1930. Kilichopungua ni mtu mwenye amri ya kuingia shambani na kuuliza umri wake.

Sheria mbili za mwisho wa kipindi hicho ziliacha alama. Ya mwaka 1937, iliyohusu watoto na vijana, ilitenganisha kesi za watoto na za watu wazima, na ikaipa mahakama uwezo wa kumtoa mtoto katika mikono mibaya na kumweka kwa mtu anayefaa. Ya mwaka 1940 ilizuia ajira za wanawake na vijana, hasa viwandani na usiku. Je, zilitokana na shinikizo la Geneva au na mabadiliko ya fikra London? Naona yote mawili yalichangia, lakini kwa Tanga sheria hizo zilikuwa na pengo lilelile: kazi kubwa ya watoto ilikuwa ya shambani, na shamba lilibaki kwa sehemu kubwa nje ya mkono wa sheria. Pengo hilo lilidumu. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa umri wa chini wa kuajiriwa mwaka 1998, na ule wa aina mbaya zaidi za ajira ya watoto mwaka 2001, huku mkonge ukiendelea kutajwa miongoni mwa mazao ya nchi hii yanayotumia kazi ya watoto.

Baada ya Uhuru, serikali ilipitisha mwaka 1968 sheria ya kusimamia makao ya watoto, na hiyo ilikuwa hatua muhimu kuliko umaarufu wake. Kwa mara ya kwanza mtu au kanisa lenye kulea watoto lilitakiwa kuandikishwa na kukubali kukaguliwa. Mwaka uliofuata serikali ikazichukua shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku, na kufikia mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikawa imetangazwa. Watoto walijaa madarasani kwa idadi isiyowahi kuonekana. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini walimu walikuwa wachache, na fimbo ikawa njia ya kuongoza darasa kubwa.

Kanuni za adhabu ya viboko, kama zilivyoandikwa upya mwaka 2002, zinastahili kutazamwa kwa karibu. Mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, ndiye peke yake anayeweza kuchapa. Viboko visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila kama shule haina. Kila adhabu iandikwe katika daftari: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, kisha mwalimu mkuu atie sahihi. Wako wanaosema kanuni hizi zilihalalisha kipigo, na wako wanaosema zilikiwekea mipaka. Kila upande una hoja. Mimi ningependa fimbo iondoke kabisa shuleni. Hata hivyo daftari lile, mahali lilipojazwa kwa uaminifu, lilikuwa jambo jipya, kwa kuwa mwenye madaraka juu ya mtoto alitakiwa kuacha maandishi ya alichokifanya. Mzazi mwenye shaka anaweza kuliulizia.

Miaka ya 1990 ilibadilisha mambo kwa haraka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Wakati huohuo UKIMWI uliacha yatima wengi, na ulegezaji wa masharti ya uchumi na siasa uliruhusu asasi za kiraia kuongezeka. Makao ya watoto, vituo vya kulea na miradi ya vijana vikachipuka mijini na vijijini, Tanga ikiwemo. Vingine viliendeshwa na makanisa na misikiti, vingine na wageni waliokuja kujitolea kwa wiki chache. Sheria ya 1968 haikutungwa kwa wingi huo. Mgeni aliweza kulala nyumba moja na watoto yatima bila mtu yeyote kujua alikotoka wala alichowahi kufanya.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, iliyobadilisha Kanuni ya Adhabu. Pamoja na kuweka kifungo kirefu kwa wabakaji, iliwataja mmoja mmoja watu wanaoweza kutumia nafasi zao vibaya: mwenye madaraka, mtumishi wa mahabusu au wa taasisi ya wanawake au watoto, mtumishi wa hospitali, mganga wa jadi na kiongozi wa dini. Nadhani hicho ndicho kifungu kilichosema wazi kuliko vyote jambo ambalo jamii ililijua lakini ililinong'ona, kwamba mtoto anaweza kudhuriwa na mtu yuleyule ambaye watu wanampa heshima.

Kisha zikaja takwimu. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, wa kwanza Afrika kupima aina zote za ukatili kwa wasichana na wavulana, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Takriban robo tatu walifanyiwa ukatili wa kimwili, na karibu nusu walitaja mwalimu kuwa ndiye aliyewapiga. Hapo ikawa vigumu kwa mtu kusema kwamba mambo hayo ni ya nchi nyingine.

Novemba mwaka huohuo wa 2009, Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, iliyokusanya na kufuta sheria za zamani, ikiwemo ya 1937 na ya 1968. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Makao ya watoto lazima yawe na leseni. Na mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kuitoa kwa serikali ya mtaa husika. Zanzibar ilipata sheria yake mwaka 2011. Kanuni za makao ya watoto na za ulinzi wa mtoto zilifuata, madawati ya jinsia na watoto yakafunguliwa katika vituo vya polisi, na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017, MTAKUWWA, ukaagiza kamati za ulinzi kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa.

Sambamba na hayo, mashirika yenyewe yalianza kuandika sera za ulinzi wa mtoto. Sera nzuri haina mambo ya ajabu. Anayeomba kazi, hata ya kujitolea, huulizwa alikofanya kazi mwanzo, na huko hupigiwa simu. Mtu mzima mmoja hakai peke yake na mtoto mmoja mahali palipofungwa. Katika safari ya mashindano, wasichana huwa na mlezi wa kike, na vyumba hujulikana kabla ya basi kuondoka. Picha ya mtoto haipigwi bila ridhaa. Na watoto wenyewe wanajua jina la mtu wa kumwambia, asiye kocha wala mwalimu wao.

Kwa nini sera hizi zilikuja wakati huo? Wapo wanaosema ni kwa sababu ya wafadhili. Mwaka 2002 taarifa ya Afrika Magharibi ilieleza jinsi wafanyakazi wa misaada walivyowadhulumu wasichana katika kambi za wakimbizi. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ukawapiga marufuku watumishi wake kufanya ngono na mtu wa chini ya miaka 18. Na mwaka 2018 kashfa ya Oxfam huko Haiti iliwafanya wafadhili wa Uingereza kudai sera hizo kabla ya kutoa fedha. Wengine wanasema ni matunda ya sheria na utafiti wetu wenyewe. Nikizipima hoja hizi, naona fedha za nje ndizo zilizoharakisha uandishi, na athari yake inaonekana. Sera nyingi ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza ili mfadhili azisome, wakati matroni wa bweni na dereva wa gari la shule walipaswa kuwa wasomaji wake wa kwanza. Nayo madrasa ndogo ya mtaani, shule ya Jumapili au timu ya mpira isiyo na mfadhili imebaki bila kuguswa, ingawa ndiko waliko watoto wengi zaidi. Sheria ya 2009 haibagui. Tatizo ni kwamba ofisa ustawi wa jamii mmoja hutarajiwa kuzunguka kata nyingi, na kwa hali hiyo tunarudi kulekule kwa mkaguzi wa kazi wa mwaka 1931.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mikononi mwetu, wazazi na majirani. Kabla hujamwacha mtoto kwenye bweni, makao, madrasa au kambi, uliza kama pameandikishwa, nani hupakagua, wazazi wanaruhusiwa kuingia lini, na mtoto amwambie nani ikiwa anayemuumiza ni mlezi mwenyewe. Mwenye nia njema hataudhika kwa maswali hayo. Na ukiona au kusikia mtoto wa mwenzio anadhurika, nenda serikali ya mtaa au dawati la jinsia na watoto, au piga 116, ambayo haina malipo. Sheria haikupi hiari katika hilo. Imekufanya kuwa shahidi wa mtoto huyo.